Shauri Tulilolitua Chini ya Msolo

Mvua ilinyesha. Naanza na hilo kabla hajatokea mtu wa kunisemea kwamba Dastani anachukia mvua ya Mungu. Ilinyesha Jumapili, ikanyesha Jumatatu, mahindi ya Namahula yakainua shingo, na mimi mwenyewe nilisimama uani nimelowa kama kuku, nikashukuru. Ninachoeleza hapa ni jinsi mvua hiyohiyo ilivyotunyang'anya chemchemi, na ni mkono wa nani ulioisaidia.

Chemchemi iko bondeni, chini ya kanisa la kigango chetu. Waliichimba mama yangu na dada zake, mwaka ule wa njaa, Waingereza wa karanga walipokuwa wamekwisha kuondoka Nachingwea wakituachia matrekta mabovu. Walifukua kwa majembe, wakapanga mawe pembeni ili udongo usirudi. Kanisa lilikuwa bado halina hata tofali moja. Mapadre wa Kizungu walipofika waliikuta chemchemi, wakachota, wakashukuru. Serikali ilipotuhamisha mwaka sabini na nne tukaiacha, tuliporudi tukaikuta. Wakati wote huo hakuna mwanamke wa Namahula, Mkristo au Mwislamu, aliyewahi kumwomba mtu ruhusa ya kuchota.

Miaka miwili kabla ya mvua hiyo parokia ikaizungushia waya. Tuliambiwa ni bustani ya kigango, mboga ziuzwe zisomeshe yatima, na bomba litatolewa nje ya waya kwa ajili ya wananchi. Waya ukaja. Bustani ikaja. Bomba likabaki njiani. Wanawake wakarudi kufukua mchanga korongoni, wanasubiri maji yajikusanye, wanakomba kikombe kimoja kimoja. Dada yangu Getruda ni mmoja wao. Alikuwa akirudi saa za jua kali na ndoo nusu, anaitua, anakaa kutoa mchanga kwenye kucha.

Tukalipeleka shauri kata, mimi na Saturnini. Saturnini ni katekista wetu. Wazee wake ni Wamakonde waliovuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji, mimi ni Mmwera wa hapahapa, lakini tuliingia jando pamoja, tukalala kibanda kimoja na vidonda vyetu, na tangu siku zile hatukuitana kwa majina. Tunaitana mwenzangu. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba. Sheria ya ardhi ya vijiji nimeisoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, mpaka kitabu kikaachia gundi. Nina kumbukumbu, lakini nikisimama kusema watu huona nafoka. Saturnini ana sauti. Akisema "ndugu zangu," hata mbuzi anatulia. Kwa hiyo tuligawana kazi: mimi nikumbuke, yeye aseme. Kata ikatupangia kusikilizwa mwezi wa tatu.

Halafu jua likatukamata.

Tulipanda Desemba kama kawaida. Baada ya Krismasi mvua ikakata. Januari ilipofika katikati, majani ya mahindi yalikuwa yamejikunja kama sigara, na ufuta ambao majirani zetu wa Chinongwe walikuwa wakijivunia ulikuwa umelala. Watu wakaanza kuulizana: tunaomba lini?

Sisi Namahula tunaomba mvua pamoja. Nje ya kanisa kuna mti wa msolo, na chini yake wazee waliweka msalaba wa mbao ambao hakuna padre aliyewahi kuung'oa wala shehe aliyewahi kuulalamikia. Siku ya maombi Wakristo wanasali kwanza, Waislamu wanafuata, mwisho Bi Mwamina anamwaga unga wa mtama chini ya mti na kuwataja waliotutangulia. Bi Mwamina ni mdogo wake mama yangu, wa mwisho aliyebaki katika wale waliochimba. Lakini kabla ya yote hayo kuna kutua. Kila mwenye neno na mwenzake anachukua unga kidogo mkononi kwa Bi Mwamina, anautaja ugomvi wake mbele ya wote, anaumwaga. Tunaamini mvua haishuki juu ya watu waliokunjiana ngumi. Na kilichotuliwa kwa unga hakiokotwi tena. Anayekiokota, jua likirudi, ni lake.

Watu walimfuata Saturnini ili apange siku na Padre na Mwalimu Amri wa msikiti. Saturnini akasema Jumamosi hiyo Padre ana semina. Jumamosi iliyofuata akasema tujiandae kiroho kwanza.

"Kujiandaa gani huko?" Bi Mwamina alimuuliza mbele ya kanisa. "Mahindi yangu hayajui semina."

"Mama, Mungu hapangiwi haraka."

"Simpangii Mungu. Nakupangia wewe."

Watu walicheka, na Saturnini alicheka nao. Lakini siku haikupangwa. Wiki hiyo Getruda aling'oa mahindi ya shamba lake la juu akawapa mbuzi. Ekari nzima. Aliyang'oa kwa mstari, kama mtu anayepalilia.

Hatimaye ikatangazwa: Jumamosi, wote chini ya msolo. Ijumaa jioni Saturnini alipita kwangu. Tuliongea wima, yeye kashika baiskeli yake.

"Kesho watu watatua," alisema.

"Watue. Mimi nina neno na Jonasi kuhusu mpaka wa mikorosho, nitalitua."

"Na la chemchemi?"

"La chemchemi si ugomvi, mwenzangu. Ni haki ya watu. Ipo kata, kata itasema."

Akatikisa kichwa kukubali. "Sawa kabisa. Chuki tutatua. Chemchemi hapana." Tukapeana mikono. Mkono wa mtu niliyeingia naye jando, nilioushika nikiwa hai na mwenye akili timamu.

Jumamosi jua lilikuwa kali kiasi kwamba watoto walisimama juu ya kandambili za mama zao. Kutua kulianza vizuri, hata kwa kicheko. Jonasi akautua mpaka wa mikorosho kabla sijafungua mdomo, nikamfuata. Beatrisi akashika unga akasema, "Ninaitua kesi ya jogoo wangu aliyechinjwa na jirani yangu Fauzia."

"Mimi sikumchinja," Fauzia akajibu.

"Nimeshatua, mama. Sasa kama ni wewe au si wewe, supu ilikuwa nzuri?"

Hata Padre alicheka. Ndipo Saturnini akasogea. Akachukua unga kwa Bi Mwamina, akanyoosha mkono, na ile sauti yake ikatoka bila kutetemeka.

"Ndugu zangu. Mimi Saturnini nilikwenda kata kushitaki kigango changu mwenyewe. Leo, mbele ya msalaba huu na wazee hawa, nalitua shauri la chemchemi."

Akamwaga. Kisha hakurudi kwenye nafasi yake. Alisimama palepale akiniangalia, na watu wote wakageuka wakaniangalia. Mtoto mmoja alikuwa akilia kwa kiu mgongoni kwa mama yake, na kilio kile kilitosha. Nilimtazama Mwalimu Amri, akatazama chini. Nilimtazama Getruda. Getruda alifumba macho na kuinamisha kichwa kidogo tu, vile anavyofanya anaposema ndiyo bila kutaka kuisema.

Ningefanya nini? Shauri la watu wawili, mmoja kalitua. Nikikataa, mimi ndiye ninayezuia mvua ya watoto wale. Nikaenda kwa mama mdogo, akaniwekea unga mkononi. Nikasema, "Na mimi nalitua." Unga ukashuka. Wanawake wakashusha pumzi, nikaisikia.

Halafu watu wakaomba, na waliomba kweli. Wakristo waliimba litania wamepiga magoti kwenye vumbi. Waislamu wakaswali swala ya kuomba mvua, wanaume wamegeuza makoti na shuka zao ndani nje. Bi Mwamina akawataja wazee, mama yangu akiwemo, akamwambia, "Wajukuu zako wamekauka, ongea na wenzako huko." Kwa hilo simlaumu mtu. Na njiani kurudi nyumbani nilimsamehe Saturnini. Nilijiambia: ameona watoto, moyo umemshinda, ningekuwa na moyo laini kama wake na mimi ningeanza.

Jumapili mchana ikanyesha.

Alhamisi nilikwenda kwake kumsaidia kuezeka jiko, maana upepo wa mvua ile ulikuwa umeondoa nyasi upande mmoja. Yeye alikuwa juu ya ngazi, mimi chini nampandishia nyasi. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa shati, ikalia mlio wa ujumbe. Akaibonyeza kwa kidole chenye matope, na sauti ya binti yake Doreen, anayesoma uuguzi, ikajaa ua mzima.

"Shikamoo baba. Vipi huko, imeshuka? Si nilikwambia? Safari hii jamaa wa hali ya hewa wamepatia, walisema kuanzia Jumapili na ikawa Jumapili. Ungewakubalia kuomba kule mwanzo mngeaibika bure. Haya, msalimie mama."

Saturnini alibaki na mkono hewani. Mimi nilibaki na mzigo wa nyasi kifuani.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini? Utabiri ni utabiri. Mara ngapi wanasema itanyesha na hainyeshi?"

"Ulijua, ndiyo maana ukatusubirisha. Semina. Kujiandaa kiroho. Getruda kang'oa ekari nzima, wewe unasikiliza simu."

Akashuka. Hakukasirika, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Alishuka kama mtu anayekwenda kumweleza mtoto. "Nisikilize, mwenzangu. Mwaka juzi tuliomba, jua likawaka mwezi mzima. Vijana wangu nusu wakahamia kwa mchungaji wa upako. Wewe unalinda maji, mimi nalinda imani ya watu. Mvua nimeileta mimi? Mungu kaileta. Mimi nimechagua siku tu."

"Na shauri? Nalo lilikuwa kwenye utabiri?"

Akafuta matope kwenye suruali, kidole kimoja kimoja.

"Padre alisema hawezi kusimama pale kuomba na watu wanaompeleka kata," alisema. "Nikaona, mvua inakuja kwa vyovyote. Basi ije na amani."

"Ijumaa ulinishika mkono."

"Ningekwambia ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Haya," akasema, kana kwamba nimemjibia.

Niliziweka nyasi chini nikaondoka. Nasikia jiko lile alilimalizia mkewe.

Nilimkuta Getruda kwenye shamba lake la chini anapalilia, nikamweleza yote, nikirukaruka kama ninavyorukaruka nikiwa na hasira. Alisikiliza bila kuacha jembe. Nilipomaliza akajinyoosha.

"Nakuamini, kaka," akasema. "Saturnini namjua. Huwa anaimba vizuri zaidi akiwa na lake."

"Basi mwezi wa tatu twende wote kata. Nitasimama nieleze jinsi shauri lilivyotuliwa kwa hila."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Mahindi yangu yanataka mvua mpaka yabebe. Ukisimama kata ukaokota kile ulichokitua, na kesho yake jua likawaka, watasema nani kalileta? Watasema Dastani. Na wewe watakuogopa, una mdomo. Mimi ndiye ninayekaa nao korongoni."

"Getruda, ni chemchemi ya mama yetu."

"Najua ya nani. Lakini ekari moja nimeshawapa mbuzi. Hii sina mbuzi wa kuipa." Akarudi kwenye jembe lake.

Misa ya shukrani ilifanyika mwishoni mwa Februari, kanisa limejaa mpaka nje, Waislamu nao wamealikwa wamekaa chini ya msolo. Padre alishukuru kwa mvua na kwa umoja wetu. Akasema kwa kuwa shauri limetuliwa na wenye shauri wenyewe, maji yale sasa yatatunzwa rasmi na kigango, na msimamizi wa bustani na maji atakuwa katekista wetu. Bomba litatolewa nje, watu watachota kwa utaratibu utakaopangwa na msimamizi. Saturnini akasimama akainama. Vigelegele vikapigwa. Getruda naye alipiga. Alikuwa akinitazama mimi huku anapiga.

Nilikwenda kata peke yangu. Mkumbuke kwamba siku hizi baraza la kata halihukumu, linasuluhisha tu. Likishindwa ndipo shauri linapanda wilayani. Huko wilayani ndiko nilikotaka lifike. Nilichohitaji ni baraza liseme tu kwamba mgogoro upo. Namahula walikuja wengi, kwa miguu na kwa bodaboda, nikadhani wamekuja kwa ajili yangu. Mwenyekiti aliuliza swali moja: mgogoro upo au umekwisha?

Nikasimama. Nikaeleza chemchemi ilivyochimbwa, waya ulivyokuja, siku ya maombi ilivyoahirishwa, ujumbe wa Doreen. Nilijitahidi nisifoke. Nilipofika kwenye simu watu wakaanza kuguna, mwenyekiti akamuuliza Saturnini kama ni kweli.

"Simu ninayo, mwenyekiti," alijibu kwa ile sauti. "Hapa nani hana simu? Dastani mwenyewe anayo, asingekuwa mbishi angesikiliza utabiri na yeye."

Wakacheka. Watu wangu, ambao kucha zao zimeisha kwa mchanga wa korongo, wakacheka. Nikaomba Bi Mwamina aulizwe, kwa kuwa yeye ndiye shahidi wa mwisho aliye hai wa kuchimbwa kwa chemchemi. Alikuwa amekaa kwenye benchi ukutani, kanga mbili, viatu vya plastiki vimejaa tope la njiani. Hakusimama.

"Chemchemi tuliichimba sisi," alisema. "Dada zangu walifukua, mimi nilibeba mawe. Maji ni yetu, hata huyo Padre anajua."

Nilipumua. Sikuwa nimepumua vile tangu mvua inyeshe.

"Lakini huyu mwanangu," akaendelea, "alikuja mwenyewe akashika unga wangu, akatamka, akamwaga. Shauri halipo."

"Mama mdogo, tulidanganywa. Mvua ilikuwa imeshajulikana."

"Nimesikia."

"Sasa kama ilijulikana, kule kutua kulikuwa kwa nini?"

Alinitazama. Ana macho ya mama yangu, yaleyale, na ndani yake sikuona hasira wala huruma. "Simu haikutoa unga, Dastani. Niliutoa mimi. Nikisema leo kwamba ule ulikuwa wa uongo, mwaka ujao watu wakija na ngumi zao nitawapa upi?"

"Kwa hiyo maji yaende?"

"Saturnini ni mwizi," alisema, na hakushusha sauti, na Saturnini alikuwa hatua chache tu. "Lakini aliiba kwa mkono wako. Na mimi siwezi kuukata mkono huo bila kuukata wangu."

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine wa Namahula mwenye neno. Nikageuka. Jonasi alikuwa akitazama dari. Beatrisi alikuwa akitengeneza mtoto mgongoni ambaye hakuwa na shida yoyote. Mwalimu Amri alikuwa ameshatoka nje. Getruda hakukwepa macho yangu, hilo nampa. Alinitazama moja kwa moja akanyamaza.

Ikaandikwa kwamba mgogoro umekwisha kwa maridhiano ya wahusika.

Mahindi ya mwaka ule yalibeba. Watu walivuna, wakauza ufuta Mbekenyera, wakanunua bati. Bomba likatolewa nje ya waya, mita kadhaa tu kutoka yalipo mawe ya mama yangu, na Saturnini akaliwekea kofuli. Anafungua asubuhi, anafunga jua likipanda. Anayechelewa anakwenda kumwomba nyumbani kwake. Wanakwenda. Nimewaona wakipiga goti, "Shikamoo, baba katekista," na yeye anaitika vizuri tu, anachukua ufunguo, hana maringo. Nikipita ananiita mwenzangu. Simwitikii.

Agosti nilikuwa mikoroshoni kutwa nzima napuliza salfa, pua na koo vinawaka. Nilipita kwa Getruda kwa kuwa kwake ni karibu. Nilikaa kwenye kizingiti, akaniletea maji kwenye kikombe kikubwa cha bati. Maji maangavu, ya baridi. Ya korongoni huwa na rangi ya chai.

"Umechota wapi?"

"Kunywa, kaka."

"Leo umechelewa kwenda, nilikuona unatoka. Ulikwenda kumwomba?"

"Nilikwenda. Kunywa."

Nikanywa. Koo lilikuwa linaniuma, na mtu aliyepuliza salfa kutwa hana siasa. Nilifika nusu nikamrudishia kikombe. Akakipokea, akachungulia ndani.

"Yana nini?"

"Hayana kitu," nikamwambia. "Ni yaleyale ya mama."

Akasimama kidogo na kikombe mkononi, kisha akayanywa yaliyobaki mwenyewe, akaenda kuosha.